Nani zaidi? Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu nguvu na mvuto wa masuperhiro

Wakuu, haya maswali huku Kigoma hayaishi. Ukienda kibanda umiza Mwanga unayakuta, ukishuka Ujiji unayakuta, kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, na kila siku yanaanza upya kama vile jana hakuna aliyejibu. Nimeyaweka pamoja, ya mwanzo mwanzo juu na magumu chini. Jibu likiwa limeshagusiwa kwingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Ya kuanzia

Superhiro wa kwanza ni nani?

Wengi wanakubaliana ni Superman. Alitoka kwenye kitabu cha katuni, yaani komiki, kinaitwa Action Comics namba 1, cha Juni 1938, waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster. Kuna watu wa maski waliomtangulia ila yeye ndo alileta ule mpangilio wote tunaoujua leo, nguvu zisizo za kibinadamu, nguo ya kubana, jina la siri na kazi ya kawaida mchana. Nakala moja ya kitabu hicho iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, na kilipotoka bei yake ilikuwa senti 10.

Marvel na DC tofauti yake nini?

Ni kampuni mbili za Marekani. DC wana Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Aquaman na Green Lantern. Marvel wana Spider-Man, Hulk, Thor, Iron Man, Captain America, Black Panther, na X-Men wote akina Wolverine na Storm. Kwa hiyo anayekwambia Batman yuko Avengers mrekebishe kwa upole tu.

Tukibishana tufuate muvi au komiki?

Kubalianeni kabla hamjaanza, kwa sababu hapa ndo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mmoja anamzungumzia Thor wa kwenye muvi, mwenzake anamzungumzia Thor wa kwenye vitabu ambaye anaandikwa tangu 1962 na kapita mikono ya waandishi kibao, hawawezi kuelewana hata wakikesha. Na hata ndani ya komiki zenyewe toleo la mwaka fulani sio toleo la mwaka mwingine. Mi naona ukisema "Superman" bila kusema Superman yupi bado hujasema kitu.

Chukua huyohuyo wa 1938. Alikuwa hapai! Kitabu kinasema anaruka kama mita 200 kwa mruko mmoja, anavuka jengo la ghorofa 20, anakimbia kuliko treni ya mwendokasi, na ngozi yake haitobolewi na kitu kidogo kuliko bomu la mzinga. Basi, ndo mwisho wake. Kupaa kulikuja kuzoeleka miaka ya 1940, tena katuni zake za sinema za mwanzoni mwa miaka hiyo zilichangia sana. Baadaye wakamwongezea mpaka akawa anasukuma sayari, hadi mwaka 1986 mwandishi John Byrne alipomuanzisha upya na kumpunguzia nguvu maana hakuna tena adui aliyekuwa anamtosha. Huyo ni mtu mmoja jina moja, lakini ukiwapanga hao wote mstarini wa 1938 anapigwa na kila aliyeko mbele yake.

## Nguvu

Kuna kipimo chochote rasmi?

Kwa Marvel kipo cha aina yake. Mwaka 1983 walianza kutoa kitabu cha maelezo ya wahusika wao wote, urefu, uzito, na uwezo wa kuinua kwa tani. Wenye nguvu kuliko wote waliwekwa kundi la wanaoinua zaidi ya tani 100, humo wamo Hulk na Thor. Shida ni kwamba "zaidi ya 100" haina dari, tani 101 na tani milioni ziko kapu moja. Kwa hiyo kitabu kinasaidia sana kwa wa chini na wa kati, kwa vigogo hakisaidii kitu.

Superman na Hulk wakipigana nani anashinda?

Hili limeshapigiwa kura kabisa. Mwaka 1996 Marvel na DC walishirikiana wakatoa mfululizo wa pamoja, wakawapanga watu wao wapigane, na mapambano matano makubwa wakawaachia wasomaji waamue kwa kura. Superman akampiga Hulk, Batman akampiga Captain America, Spider-Man akampiga Superboy, Wolverine akampiga Lobo, na Storm akampiga Wonder Woman.

Sasa yaangalie vizuri hayo matokeo. Lobo ni jamaa wa anga za mbali ambaye aliwahi kupigana mpaka na Superman, hafi hata ukimkatakata, halafu anapigwa na Wolverine? Kwa nguvu za vitabuni haiingii akilini. Wolverine alishinda kwa sababu miaka ile alikuwa anapendwa kupita kiasi, basi. Stan Lee mwenyewe, mmoja wa waliowatunga Hulk na Spider-Man, alishasema anayeshinda ni yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Mi naongezea, na mwandishi anawasikiliza wanunuzi.

Ukinilazimisha nitoe jibu bila kura, nampa Superman. Hulk nguvu zinapanda kadiri hasira inavyopanda na hakuna anayejua mwisho wake, lakini hasira inahitaji muda. Superman anapaa, anatoa moto machoni, ana spidi, na akitaka anambeba anamtoa nje ya dunia kabla hasira haijafika huko.

Hulk anaweza kuinua MV Liemba?

Swali la watu wa Kigoma hili na mi nalipenda kuliko yote. Kwa nguvu tupu ndiyo, tena bila jasho. Liemba ina tani elfu moja na kitu. Mwaka 1984 kwenye hadithi moja ya Marvel Hulk aliuzuia mlima usiwafunike wenzake, na maandishi ya kitabu yakasema ni tani bilioni 150, huku mwanasayansi mwenzao Reed Richards anamchokoza kwa makusudi ili hasira zizidi kupanda asije akalegea. Kwa mtu huyo meli sio mzigo.

Tatizo lipo kwenye meli, sio kwa Hulk. Meli imetengenezwa ibebwe na maji, na maji yanaibeba kila mahali kwa pamoja kuanzia mbele mpaka nyuma. Liemba ina urefu wa mita 70 hivi. Sasa mtu anaingia chini anaishika kwa viganja viwili katikati, uzito wote unaangukia pale kwenye vile viganja, bati litatoboka mikono iingie ndani, au meli ipinde mgongo ikatike. Na chini nako kuna tope, miguu yake nayo imebeba tani zote zile juu ya nyayo mbili, atazama yeye kwanza. Kwenye katuni jamaa anabeba ndege au jengo kwa mkono mmoja na halivunjiki, na hicho kwangu ndo kimuujiza kikubwa kuliko hata nguvu zenyewe. Waandishi wengine walishaliona hilo, ndo maana Superman wa 1986 ilisemekana anatumia nguvu ya akili fulani kushikilia kitu kizima.

Waliobeba Liemba kweli ni watu. Ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kutoka Dar mpaka hapa kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915.

Kati ya Superman na Flash nani ana mbio?

Flash. Najua mashindano yao ya kwanza ya mwaka 1967 yaliisha sare lakini soma kwa nini, waligundua magenge ya kamari yameweka pesa kwenye hiyo mbio wakaamua kuvuka mstari pamoja ili wacheza kamari wakose. Mwaka 1990 Flash wa wakati huo, Wally West, alishinda. Na 2009 Flash mwingine, Barry Allen, alimwacha Superman kwenye mataa akamwambia zile mbio za zamani zilikuwa za hisani. Superman anafanya kila kitu, mwenzake anafanya kitu kimoja tu, kwenye hicho kimoja mwache ashinde.

Batman hana pawa yoyote, kwa nini mnamweka na hawa?

Kwa sababu ana muda na pesa. Batman ukimkuta barabarani ghafla na Superman amekasirika, vita imeisha kabla hujapepesa jicho. Ila ukimpa wiki ya kujiandaa anakuja na vazi la chuma, anakuja na kryptonite, lile jiwe linalommaliza Superman nguvu, na mtego. Kwenye hadithi maarufu ya Frank Miller ya 1986 alimpiga Superman kweli, lakini watu husahau kwamba Superman alikuwa ametoka kupigwa na bomu la nyuklia muda si mrefu, na kwamba mshale wa kryptonite alirusha Green Arrow. Mi Batman namkubali sana, namkubali kwa akili yake, sitaki kumdanganyia misuli.

Spider-Man anabeba kiasi gani? Na kutembea ukutani inawezekana?

Kitabu cha Marvel kinasema tani 10. Mwaka 2016 Mwingereza Eddie Hall aliinua kilo 500 kutoka chini, binadamu wa kwanza kufikia hapo, na alitoka damu puani. Spider-Man ni akina Hall 20, kwenye mwili wa kijana wa kilo 75 hivi. Watu wanamdharau kwa sababu anapigana anatania tania, ila kila siku anajizuia asiwaue vibaka kwa ngumi moja.

Ukutani ndo pagumu. Mwaka huohuo 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima wanyama wanaonata, kuanzia utitiri mpaka mjusi, wakaona kadiri mwili unavyokuwa mkubwa ndivyo eneo la kunata linavyotakiwa kuwa kubwa zaidi kwa uwiano. Mtu angehitaji asilimia 40 ya ngozi yake yote iwe ya kunata, au avae viatu namba 145. Mjusi kafiri ndo karibu na mwisho wa saizi inayoweza, na Peter Parker kashapita hapo mbali sana.

Aquaman angefika chini ya Ziwa Tanganyika?

Angefika. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kule chini mgandamizo wa maji ni mara 140 na zaidi ya hewa ya hapa juu, binadamu anapondeka. Aquaman makazi yake ni chini ya bahari ambayo ni kina zaidi ya hapo. Kingine ambacho wenzetu wa bara wasio na ziwa hawakijui, huku chini kabisa maji hayana oksijeni, samaki wote wanaishi tabaka la juu. Kwa hiyo kama anavuta oksijeni ya majini angeshuka, ila asingekaa, na jeshi lake la samaki angeliacha juu.

Watu wanamcheka huyu mtu na sio haki. Zamani kweli walimpa udhaifu mbaya, akikaa nchi kavu saa moja bila maji anakufa. Ila kwenye yale mapambano ya 1996 alimpiga Namor, mtu wa baharini wa Marvel, alimwangushia nyangumi.

Nani anaweza kuinua nyundo ya Thor?

Hiyo sio nguvu, ni kustahili. Hulk ashindwe, Captain America ainue, alishainua kwenye komiki tangu 1988, kwenye muvi tukaja kuona 2019 mabanda yakalipuka kwa kelele. Beta Ray Bill aliinua 1983. Na Wonder Woman aliinua 1996 kwenye pambano lake na Storm. Akaiweka chini kwa sababu aliona kupigana nayo ni kumuonea mwenzake. Halafu akapigwa. Kwangu mimi hakuna pambano alilowahi kushinda linalonifanya nimpende kuliko hilo alilopigwa.

## Mvuto

Mbona Spider-Man anapendwa kuliko Superman wakati nguvu hamfikii?

Kwa sababu anakosa kodi. Tangu Agosti 1962 alipotoka, Stan Lee na Steve Ditko walimpa shida za mtu yeyote, hana hela, shangazi anaumwa, bosi anamsema, mpenzi amechelewa kukutana naye, halafu akivua maski bado ana mtihani kesho. Kingine kinachosahaulika ni lile vazi. Limemfunika mwili mzima mpaka macho, huoni rangi ya ngozi, kwa hiyo mtoto wa Katubuka akivaa maski ya Spider-Man ni Spider-Man kamili. Akivaa la Superman sura yake inaonekana.

Na aliumizwa kweli. Mwaka 1973 mpenzi wake Gwen Stacy alirushwa kutoka darajani, Peter akamdaka kwa utando, shingo ikavunjika. Wanafizikia wamelieleza sana hilo tukio, tatizo ni kusimamishwa ghafla, ule utando ulimsimamisha kama ambavyo ardhi ingemsimamisha. Nguvu za tani 10 hazikumsaidia hapo. Kila ninayemuuliza kwa nini anampenda ananitajia kitu Spider-Man alichoshindwa, hakuna anayenitajia tani.

Black Panther ana nguvu kweli au tunampenda tu kwa sababu ni wa kwetu?

Vyote viwili, na hakuna aibu. Alitoka Julai 1966, wa kwanza mweusi kwenye komiki kubwa za Marekani kuwa superhiro, na hadithi yake ya kwanza kabisa anawaalika Fantastic Four, kundi la masuperhiro wanne, nyumbani kwake halafu anawazidi ujanja mmoja mmoja. Mwili wake umepita kidogo tu mwisho wa binadamu, silaha zake ni vibranium, madini ya kubuni, na akili. Kwa ngumi tupu Spider-Man anamzidi.

Muvi ya 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Wakanda, nchi yake ya kubuni, kwenye ramani zao inawekwa huku huku Afrika Mashariki. Alipofariki Chadwick Boseman Agosti 2020 watu walibadilisha picha zao za profaili ambao hata komiki hawajawahi kushika.

Kwa wanawake nani zaidi?

Kwa ngumi Wonder Woman, yuko daraja moja na Superman au chini kidogo. Alitungwa 1941 na William Moulton Marston, mwanasaikolojia ambaye pia alifanyia kazi kipimo cha kugundua uongo kwa presha ya damu, na ile kamba yake ikikufunga unasema ukweli.

Lakini mi ni wa Storm na sifichi. Alitoka 1975, mama yake Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba Mmarekani, wazazi wakafa Cairo nyumba ilipoangukiwa na ndege ya kivita, yeye akabaki amefukiwa na kifusi, ndo maana mpaka leo anaogopa sehemu ya kubana. Akakua mtoto wa mtaani, akatembea kwa miguu mpaka huku kwetu tambarare za Serengeti ambako watu walimwita mungu kwa sababu analeta mvua. Mwanamke anayeamuru radi ila mfungie kwenye lifti anatetemeka. Kila mtu anaweza kumuogopa na kumuonea huruma kwa wakati mmoja.

Nikipiga gym nitapata mwili wa Wolverine?

Wolverine wa kwenye vitabu ana sentimita 160, mfupi kapinda kama mzizi wa mti. Unayemtaka wewe ni Hugh Jackman, karibu sentimita 190. Na Jackman mwenyewe ameshaeleza kwamba kabla ya kupigwa picha kifua wazi alikuwa anaacha kunywa maji ili misuli ichomoze, yaani ule mwili ulikuwepo siku ile tu mbele ya kamera, akinywa maji kesho yake haupo. Mazoezi fanya, kula vizuri, ila mchezo wa kujinyima maji na joto la huku usijaribu.

## Ya pembeni

Stelingi hafi, sasa kwa nini Superman alikufa?

Alikufa Novemba 1992, akauana na jitu linaitwa Doomsday, na kitabu kiliuza nakala zaidi ya milioni 6. Mwaka uliofuata akarudi. Kwa hiyo stelingi hafi bado ni kweli, ila anaweza kusafiri.

Kwa nini Hulk ni wa kijani?

Alianza na rangi ya kijivu, Mei 1962. Mashine za kuchapa zilikuwa zinaitoa kijivu kwa rangi tofauti tofauti kila ukurasa, toleo la pili wakampaka kijani.

Goku je?

Goku ni wa Japani, Dragon Ball ya Akira Toriyama, tangu 1984. Hadithi yake imejengwa ili kila msimu avuke mpaka wa msimu uliopita, za Superman zina mpaka zinaurudia. Rudi kwenye swali la muvi au komiki, bila kukubaliana toleo hapa mtagombana bure.

Mtoto wangu anaruka kutoka juu ya ukuta anasema ni Superman, nifanyeje?

Mzazi, usimfokee na usimkataze katuni. Kaa uangalie naye muvi moja, mwonyeshe kwamba waigizaji wamefungwa kamba na kamba zinafutwa kwenye kompyuta. Mwambie na ule ukweli kwamba Superman wa kwanza mwenyewe hakuwa anapaa. Watoto wanapenda kujua siri kuliko kukatazwa. Halafu mtandikie mkeka chini kwenye mchanga, mpangie urefu wa kurukia usiozidi kiuno chake.

Na sisi Waswahili tunaye wa kwetu?

Fumo Liyongo wa Pate. Jitu la miraba minne, upinde wake wa hatari, akipuliza pembe inapasuka. Alifungwa, mama yake akamtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo huku nje watu wanaimba na kupiga ngoma kwa mashairi aliyowatungia yeye mwenyewe ili sauti ya tupa isisikike. Silaha yoyote haimpati isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeitoa hiyo siri akaitumia ni mwanae. Kryptonite ilianza kusikika redioni Marekani 1943, Liyongo alikuwa anaimbwa pwani karne nyingi kabla.

Watu wananiuliza nimuweke wapi kwenye msimamo. Kwa maelezo ya tenzi ana nguvu za kupita binadamu lakini hainui meli, anafunga mtu kwa akili, anapiga mshale kwa mbali, hachomeki. Captain America anapigwa na Liyongo, ile ngao inazuia mishale ila haimzuii Liyongo akishafika karibu. Batman mpaka ajue habari ya sindano, na kuijua inabidi amnunue mtoto wa mtu, kitu ambacho Batman hafanyi. Spider-Man kwa tani zake 10 namuona anashinda, kwa taabu. Superman hapana, yule anapaa.